Jumatatu za Mama Sahil

Kama yuko mtu pale Uhindini, Iringa, aliyewahi kumaliza sentensi mbele ya Kumud bila kumaliziwa, ajitokeze tumnunulie soda. Mwanamke yule alikuwa na maneno, jamani! Si ya matusi wala ya fitina. Maneno tu, mfululizo, tangu anafungua duka lake la vitambaa asubuhi mpaka analifunga. Ukienda kununua mita mbili za kitambaa cha sare, unatoka unajua goti lake la kushoto limeamkaje, baba yake alikuwa anakoboaje mpunga kule Chimala alikozaliwa, na mwanawe Sahil wa Mbeya jana amekula nini. Watu walimpenda na walimkimbia, wengine siku hiyohiyo moja.

Aliyeweza kukaa naye kutwa nzima alikuwa mmoja tu, Tekla. Huyu alikuwa fundi cherehani, Mhehe wa Kilolo, na mashine yake ilikuwa imekaa kwenye baraza la duka lile tangu Sahil anavaa kaptula. Mteja ananunua kitambaa ndani kwa Kumud, anatoka nacho mlangoni, anapimwa na Tekla. Kumud anasema, Tekla anakanyaga mashine na kuitikia "ehe" kila anapopata nafasi, na nafasi zenyewe hazikuwa nyingi. Ndivyo wanawake wale walivyozeeka pamoja, mmoja ndani ya mlango na mwenzake nje, na hakuna aliyewahi kuuliza kama huo ni urafiki au ni biashara.

Mambo yaliharibika mwaka juzi, Premji, mumewe Kumud, alipofariki. Mchana ulikuwa na afadhali kwa sababu ya wateja na Tekla. Lakini jioni, Tekla akishafunika mashine na kuaga, Kumud alibaki na nyumba ile ya nyuma ya duka, na nyumba ilimtisha. Kila alipokaa kitini alisikia kimya kinamjia. Basi anawasha televisheni sebuleni, anawasha redio jikoni, halafu anabana simu shavuni na kumlilia Sahil mpaka sikio la mtoto wa watu linapata moto.

Sahil alikuwa na huruma, ila subira hakujaliwa. "Ba," akamwambia, maana ndivyo Wagujarati wengi wanavyomwita mama, "hapa Mbeya, Soweto, nimekujengea chumba, mke wangu Mariya amekiwekea hadi mapazia. Kama huwezi kukaa peke yako, Diwali ikipita nakuja na gari kukuchukua. Duka tunafunga."

Kumud hakutaka kuhama. Kila kilichokuwa chake kilikuwa Iringa: duka, mandir yao ndogo, yaani hekalu, baridi ya mwezi wa saba anayoijua kwa magoti, na Tekla. Lakini angemwambia nini mwanawe? Utang'ang'ania vipi nyumba ambayo unaiogopa? Hilo swali lilimkaa rohoni, na kulijibu hakuweza.

Mwezi ule akaja mandir Maharaj mmoja, mzee mwenye kikohozi, aliyekuwa akizunguka miji ya nyanda za juu kusoma na kueleza maandiko kwa familia chache za Kihindu zilizobaki. Baada ya ibada Kumud akamkalia mbele, akamwaga yote, tangu ugonjwa wa Premji mpaka mapazia ya Mariya. Mzee akanywa chai yake. Akasubiri Kumud avute pumzi, na ilimbidi asubiri sana.

"Sasa mama, unatafuta nini?"

"Raha, Maharaj-ji. Nilikuwa nayo. Premji ameondoka nayo."

"Premji ameondoka na ya kwake," alisema mzee. "Ya kwako unayo. Wazee wetu wanafundisha kwamba ile nafsi ya ndani kabisa, atma, asili yake ni raha. Mume hakukupa, na kifo hakiwezi kukunyang'anya. Kaa na nafsi yako."

"Nimeshakaa!" Kumud akasema kwa uchungu. "Nimekaa, nimetazama humo ndani, hakuna mtu!"

Mzee akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Ulitazama kwa muda gani?"

"Mpaka taarifa ya habari ilipoanza."

"Haya, wewe ni mtoto wa Chimala. Ukiosha mchele maji yanakuwaje?"

"Yanakuwa meupe, kama maziwa."

"Na ukitaka kuona chini ya sufuria?"

"Nayaacha yatulie."

"Basi mama, wewe umekoroga miaka yote, halafu unalalamika kwamba huoni." Akampa nadhiri ya maun, yaani kunyamaza. Kila Jumatatu, tangu kuamka hadi kuwasha taa ya jioni mbele ya miungu, asitoe neno. Kumud akakubali. Mwenyewe alisema baadaye kwamba alikubali kwa sababu alikuwa ameishiwa maneno ya kukataa, na hiyo haikuwahi kumtokea.

Jumatatu ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Tekla alifika, akasimama mlangoni kama kawaida yake, akasema, "Kamwene," salamu ya kwao. Kumud akainamisha kichwa, kimya. Tekla akarudia. Kimya. Sasa huko Uheheni ukimwacha mtu na salamu yake mkononi umemtukana, tena umemtukana na waliomzaa. Tekla alishona siku nzima kamgeuzia mgongo. Wateja wakadhani mama kapooza mdomo. Alinanuswe, kijana wa Kinyakyusa aliyeegesha bajaji yake mbele ya duka, akatangaza mtaani kwamba redio ya mama imezimika, betri zimekwisha.

Jumanne Kumud akaeleza kila kitu, na akaeleza kwa deni la siku mbili. Tekla akamsikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo hujanuna?"

"Sijanuna, mwenzangu. Naitafuta raha."

"Ehe," akasema Tekla, akakata uzi kwa meno. "Ukiipata, na mimi unimegee."

Tangu hapo Jumatatu ya Mama Sahil ikawa mchezo wa mtaa. Kazi ya kila mtu ikawa kumtega aseme. Alinanuswe angeingia mbio, "Mama, mbuzi wanakula vitambaa vyako huku nje!" Kumud anatabasamu, anainua kidole na kukitikisa taratibu: hunipati. Muuza karanga alimwambia duka la jirani linaungua. Kidole. Hata Tekla, mtu mpole wa watu, akaingizwa. Jumatatu moja alisimama mlangoni na uso mkavu kabisa, akasema, "Mama Sahil, Sahil kanipigia mimi. Mariya kajifungua mapacha." Mariya mwenyewe hakuwa hata na mimba! Kumud alicheka bila sauti hadi machozi yakamtoka, akatikisa kidole, na baraza zima likapiga makofi.

Akaanza kujisifu moyoni. Alipokuwa amefumba mdomo hivyo, kichwani mlikuwa soko: leo nimewashinda, Maharaj akisikia atasemaje, Sahil hataamini. Jioni akishawasha taa alifungulia televisheni na redio kwa pamoja, kufidia. Raha hakuiona, ila ushindi aliuona, akadhani ndiyo yenyewe.

Wahenga walisema mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Ilikuwa Jumatatu, Diwali imebakiza majuma machache. Tekla alichelewa. Alipokuja hakuja na mkoba wake wa nyuzi, alikuwa amejifunga kitenge juu ya gauni na kujitanda kingine. Hakusema "Kamwene." Akasimama palepale mlangoni, uso mkavu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Sahil. Fanueli ametutoka."

Fanueli alikuwa kaka yake, ndiye aliyemnunulia ile cherehani ya kwanza. Kumud alimfahamu vizuri; kila mwaka alimletea viazi kutoka Kilolo. Juma lililopita tu alikuwa mzima wa afya. Na Kumud, ole wake, akauangalia ule uso mkavu akawakumbuka wale mapacha. Akatabasamu. Akainua kidole, akakitikisa taratibu.

Tekla alimtazama. Katika ukoo wao kulia mbele ya watu dukani si desturi, basi hakulia. Alisubiri kidogo, kama mtu anayesubiri chenji yake. Kisha akasema, "Haya," akageuka, akaenda zake.

Kumud alishinda siku ile na furaha tele. Huu mtego wa leo, alijiambia, ulikuwa mkali kuliko yote, na bado nimeuruka.

Jumanne asubuhi Alinanuswe alisimamisha bajaji mlangoni. "Mama, twende nikupeleke stendi? Gari ya Kilolo inaondoka sasa hivi."

"Kilolo kuna nini?"

Kijana akamshangaa. "Si msiba wa kaka yake Tekla! Alianguka shambani juzi Jumapili. Jana nilipompeleka stendi alisema amekwambia wewe kwanza, kabla ya mtu yeyote."

Kumud alikaa chini, juu ya robota la vitambaa. Alichokisikia hakikuwa hata huzuni, ilikuwa aibu, aibu inayochoma kuanzia masikioni. Aliinua kidole chake kile cha kulia akakitazama, na laiti angeweza kukiacha pale dukani angekiacha.

Alifika Kilolo mchana na gunia dogo la mchele wa Chimala. Wanaume walikuwa nje kuzunguka moto, wanawake ndani kwenye mikeka. Tekla alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha. Kumud akapiga magoti mbele yake, goti bovu na zima, na maneno yakaanza kutoka kama ilivyo kawaida. "Tekla, mwenzangu, nisamehe, Mungu shahidi nilidhani ni utani, maana juma lile ulisema mapacha, na mimi nikaona uso wako—"

Tekla akainua kidole. Akakitikisa taratibu, vilevile, huku na huku. Hakutabasamu.

Mdomo wa Kumud ukafungika.

Angefanya nini? Msiba wa kujitakia hauna pole. Angeweza kurudi na gari la jioni, na wapo wangemwelewa. Lakini aliona kwamba akiondoka hivyo ameondoka kwa Tekla moja kwa moja. Akasogea, akakaa ukutani kando yake, akanyamaza. Ilikuwa Jumanne, wala si siku yake ya nadhiri. Kimya hiki hakukichagua, na hapakuwa na wa kukipigia makofi.

Siku ile na kesho yake, siku ya maziko, kichwa chake kilipiga kelele kuliko mashine ya kukoboa. Kilimtetea: na yeye si alinitania? Uso wake si uleule? Mbona hakulia nikajua? Kikapanga hotuba, kikaipangua, kikaipanga upya. Wanawake walimpa ungo wa maharage achambue, akachambua. Walipoimba nyimbo zao za kanisani hakuzijua, akasikiliza. Alikula ugali na maharage, nyama wakampita nayo bila kumuuliza, maana Tekla alishawaambia zamani kwamba haili. Hakuondoka baada ya maziko. Alilala mkekani katikati ya shangazi wawili wanaokoroma.

Siku iliyofuata alipewa mchele wake mwenyewe auoshe, pale uani. Akamimina maji, akauvuruga kwa mkono, yakawa meupe kama maziwa. Mtu akamwita ashike mtoto, akamshika, akarudi. Maji yalikuwa yametulia. Aliona kila punje chini ya sufuria, na kajiwe kamoja keusi.

Akabaki amechuchumaa pale. Hotuba ilikuwa imekwisha, hakujua saa ngapi. Hakukuwa na kesi kichwani, wala mshindi, wala mtu wa kumsimulia. Jua lilimpiga mgongoni. Na ndani yake, mahali ambapo alimwambia Maharaj hakuna mtu, palikuwa pamejaa. Pamejaa nini? Wala hakujua ataje nini. Raha tu, isiyo na sababu, iliyokaa kwa utulivu kama mwenye nyumba.

Kumud alishtuka, jamani. Raha msibani! Kaka wa mwenzake hana hata siku tatu ardhini, na yeye mkosaji anasikia raha? Alitaka kuifukuza. Lakini alipoitazama vizuri aliona kwamba haikumzuia kuhuzunika. Huzuni ya Fanueli ilikuwepo, aibu yake mbele ya Tekla ilikuwepo, na hata Premji alikuwepo, anauma palepale pa siku zote. Vyote vilikuwa vimekaa humo ndani na nafasi imebaki. Akatoa kile kijiwe, akamwaga maji, akapeleka mchele jikoni.

Alipoondoka, Tekla alimsindikiza hadi barabarani, maana mgeni husindikizwa hata kama umemkasirikia. Walitembea bila neno. Gari lilipokuja Tekla akamfungia vizuri mtandio wake shingoni kwa sababu ya baridi, akarudi nyumbani. Kama ule ulikuwa msamaha au ulikuwa ufundi tu wa mtu aliyezoea nguo za watu, Kumud hakujua.

Njia nzima alikuwa na hofu moja: kwamba raha ile imebaki Kilolo, uani, kwenye sufuria la watu. Akafungua mlango wa nyumba yake jua linazama. Kimya kilikuwepo, palepale alipokiacha. Mkono ukaenda wenyewe kwenye rimoti. Akausimamisha. Akawasha taa ya miungu, akakaa kitini, akangoja kuogopa. Alingoja hadi akasahau anangoja nini. Saa ya ukutani ya Premji ilikuwa inagonga tik-tik, na kumbe miaka yote hajawahi kuisikia.

Diwali ikaja na vitaa vyake, ikapita. Baraza lilikuwa tupu, mashine ya Tekla imefunikwa turubai, na Kumud aliipangusa vumbi kila siku. Alimkumbuka Tekla sana, na alisema hivyo waziwazi kwa aliyemuuliza. Wateja walishangaa siku hizi wanamaliza sentensi zao.

Jumapili Sahil akafika kutoka Mbeya na gari, na maboksi matupu kwenye buti. Alimkuta mama yake amekaa uani na kikombe cha chai, hakuna redio wala televisheni. Akamgusa miguu kwa heshima, kisha akamgusa paji la uso. "Ba, unaumwa?"

"Siumwi. Kaa unywe chai. Siendi Mbeya, mwanangu, labda kusalimia."

"Ba! Juzi hapa ulikuwa unanililia kila siku. Na sasa hata Tekla hayupo. Hapa utakaa na nani?"

Zamani angemjibu kwa nusu saa. Sasa alifikiri, akanywa funda moja la chai.

"Nipo," alisema.

"Najua upo, nauliza utakaa na nani."

"Na mimi nakujibu, Sahil. Nilidhani hakuna mtu humu, kumbe nipo."

Sahil hakuelewa, lakini alimtazama usoni kwa muda, na maboksi hakuyashusha. Jumatatu alfajiri akaondoka nayo, na mapazia ya Mariya yakabaki kungoja mgeni mwingine.

Asubuhi hiyohiyo Kumud alifungua duka, kimya, maana nadhiri hakuiacha. Alikuwa anakunja kitambaa aliposikia turubai linavutwa barazani. Tekla akaja akasimama mlangoni, amekonda kidogo, mkoba wa nyuzi begani.

"Kamwene," akasema.

Hapo nadhiri ilikuwa nini? Kumud hakufikiri mara mbili. "Kamwene, Tekla," akajibu kwa sauti, mbele ya Alinanuswe na mtaa mzima, "kamwene dada yangu, pole, pole sana na—"

"Sss." Tekla aliinua kidole, na safari hii machozi yalikuwa yanamtoka, pale pale dukani, mbele za watu. "Leo Jumatatu, Mama Sahil. Nyamaza, nikuambie habari za Fanueli."

Kumud akaweka kitambaa chini, akamvutia kiti.